Muulize Babu Dobi: Masika yamekwisha, makabati yananuka

Mhariri alinikabidhi barua za mwezi huu ameishika bahasha kwa ncha za vidole viwili. Nikadhani ananifanyia mzaha. Kumbe moja imeandikwa kwenye karatasi ya daftari lililolala chini ya kitanda tangu Machi, na karatasi yenyewe imeingia kawa. Msomaji yule hakuwa na haja ya kueleza sana, ushahidi ameuleta.

Nyingine zimekuja kwa simu, na karibu zote zinauliza swali moja: "Nitie nini?" Nami nyingi nitazijibu kwa swali: maji yanatoka wapi? Wengine huita kawa, wengine koga, wengine ukungu, wataalamu wanasema kuvu. Ni kitu hai, na kinataka chakula, joto na unyevu. Chakula chake ni pamba, ngozi, karatasi, mbao, gundi, hata jasho lililokaukia kwenye kola. Joto sisi watu wa Pwani hatuna pa kulipeleka. Tunachoweza kugombana nacho ni unyevu.

Kwa wasomaji wapya: mimi si daktari wala mkemia. Nilianza kufua nguo za watu nina miaka 14, kwa mjomba wangu Darajani, enzi za pasi ya mkaa. Baadaye nikakaa miaka 26 katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Mji Mkongwe, chumba kisicho na dirisha hata moja. Anayetaka kujua kawa akaishi humo masika moja.

*

*Shikamoo Babu. Kanzu nyeupe ya mume wangu niliitia uwanga, nikaipiga pasi, nikaikunja na kuitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaiweka kabatini. Hiyo ilikuwa baada ya Idi. Juzi kapata mwaliko wa harusi, naitoa, mgongo mzima una vidoa kama punje za pilipili manga. Nimeifua mara mbili kwa sabuni ya unga na kuipiga pasi, vidoa vimezidi kukolea.*
*Mke wa mtu, Ngamiani, Tanga*

Marahaba mama. Kanzu hiyo uliiandalia karamu bila kujua. Uwanga ni chakula, na kawa inaupenda kuliko hata pamba yenyewe. Mvuke wa pasi ndio ulikuwa maji ya kunywa. Na mfuko wa nailoni ukafunga mlango ili mgeni asitoke.

Hili la mvuke watu wengi hawalijui. Nguo ikitoka kwenye pasi huonekana kavu kwa sababu ni ya moto, lakini ndani ya nyuzi bado ina maji. Ukiikunja papo hapo, unakunja na maji yake. Kule hotelini, shuka iliyopigwa pasi ilikaa kwenye kamba saa mbili nzima kabla ya kuingia rafuni, na mfanyakazi aliyeharakisha tulimjua wiki ya pili kwa harufu.

Sasa ifanye hivi. Kwanza acha pasi kabisa hadi doa litoke. Moto unalikaanga doa likashika. Itoe kanzu nje, ikung'ute upande upepo unakokwenda, si ndani ya nyumba. Iloweke kwenye maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, na sabuni, usiku kucha, uwanga wote utoke. Asubuhi kamulia ndimu juu ya madoa, nyunyizia chumvi, tandaza juani. Kila ikitaka kukauka, irudishie ndimu. Saa tatu au nne za jua kali zinatosha kwa siku moja. Suuza, angalia, na kesho urudie. Mama yangu alitumia mbirimbi badala ya ndimu, na mbirimbi ina ukali wake wa peke yake, huondoa hata kutu. Lakini inakula nguo pia, hivyo isizidi nusu saa.

Madoa yakigoma, ndipo uite jiki: robo kikombe cha chai kwenye lita tano za maji baridi, robo saa, kisha suuza mara tatu. Hii ni kwa pamba nyeupe na tetroni nyeupe tu. Kama hujui kanzu ni ya nini, chomoa uzi mmoja ndani ya mshono uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Tetroni huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Ikinuka nywele, hiyo ni sufu au hariri, na chupa ya jiki irudishe ilikotoka.

Hapo nina kisa changu. Nilikuwa na miaka kama 20, kijana mwenye haraka, nikaletewa joho la bwana harusi, la rangi ya maziwa, limeingia kawa kwenye mabega. Joho lenyewe limeazimwa, na mwenyewe alikuwa mtu mzito. Nikalitia jiki nikaenda zangu kunywa kahawa. Niliporudi lilikuwa la manjano kama limepikwa na bizari. Mjomba hakunipiga. Alinipa joho nilipeleke mwenyewe kwa mwenyewe, kwa miguu, mchana, watu wakiniona. Jiki huiyeyusha sufu. Mbele ya macho ya yule bwana kidole chake kilipenya begani.

Ya kwako ikitoka safi, usiitie uwanga hadi siku ya kuvaliwa. Ifunge kwenye shuka kuukuu la pamba. Na kama vidoa viwili vitatu vimebaki, ujue kuwa kawa imeshakula uzi wenyewe, na hapo hakuna dobi duniani.

*

*Babu, tumepanga ghorofa ya chini Malindi, Mji Mkongwe. Ukuta nyuma ya kabati umeota manyoya meupe chini, na juu yake pana weusi. Mwenye nyumba alipiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta mwaka juzi, sasa inabambuka kama ngozi ya nyoka. Nausugua kwa jiki kila Ijumaa, na kila Ijumaa upo palepale.*
*Mpangaji*

Una vitu viwili hapo, na umevifanya kimoja.

Manyoya meupe chini si kawa. Lowesha kidole, yaguse. Yakiyeyuka, onja kwa ncha ya ulimi ukitaka, utakuta chumvi. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu yake iko juu ya ardhi ya pwani. Ukuta unanyonya maji kutoka chini kama utambi unavyonyonya mafuta. Maji yakifika juu yanakauka, na chumvi inabaki usoni.

Weusi ndio kawa. Umeotea nyuma ya kabati kwa sababu hapo hewa haipiti.

Zamani ukuta huu haukuwa na shida kubwa. Waashi walichoma matumbawe kwenye tanuu la magogo, wakaizima chokaa kwa maji, wakaiacha ikae, ndiyo wakaipaka. Chokaa inapumua: maji yanayoingia yanapata njia ya kutoka. Tena ni kali, na kawa haipendi kuota juu ya chokaa mbichi. Ndiyo maana watu walipaka upya kila baada ya masika, si kwa urembo tu. Saruji na rangi ya mafuta zimeuvalisha ukuta koti la mvua, lakini maji yako ndani ya koti. Yakikosa pa kutokea yanapanda juu zaidi, na yanaibambua rangi akitaka mwenye nyumba asitake. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na wanaokarabati majumba yake kwa kujua hurudi kwenye chokaa. Wenye nyumba wengi bado wanamwita fundi wa saruji kwa sababu anamaliza kwa siku mbili.

Ukitaka ushahidi wa kumwonyesha mwenye nyumba, chukua kipande cha nailoni upana wa mkeka wa kuswalia, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, kwenye sehemu kavu ya juu na sehemu ya chini. Acha siku mbili. Maji yakiwa upande wa ukutani, yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, yanatoka hewani: pumzi zenu, chungu jikoni, nguo mnazoanika ndani.

Jiki kwa ukuta kama huo ni kazi bure. Sehemu kubwa ya chupa ile ni maji. Dawa inafia juu juu, weusi unapauka, ukuta unakunywa maji, na Ijumaa ijayo mnakutana tena. Siki ndiyo usiithubutu, siki inaila chokaa. Futa weusi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha kitambaa kikavu, na usisugue kukiwa kukavu, maana vumbi lake ndilo mbegu. Vaa barakoa. Manyoya ya chumvi, tofauti na kawa, yaondoe kwa brashi kavu. Ukiyalowesha yanarudi ndani. Vuta kabati mbele hadi mkono wako upite nyuma yake mpaka begani. Mengine ni ya mwenye nyumba: kuiondoa saruji, kuuacha ukuta upumue kipupwe chote, na kupaka chokaa. Akikataa, kijana wangu, hamia ghorofa ya juu.

*

*Mzee, dari yangu ya jipsamu ina duara jeusi juu ya kitanda. Fundi rangi amekuja mara tatu, anapaka, linarudi, tena kubwa zaidi. Kuna rangi gani ya kuua kabisa?*
*Kijana wa Tabata, Dar es Salaam*

Hakuna. Umemlipa mtu mara tatu apake rangi juu ya tundu la bati.

Panda juu ya dari mchana, mvua inyeshe au mtu amwage maji kwenye bati kwa ndoo. Angalia misumari kwanza, hasa ile iliyopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni. Halafu angalia mahali mabati mawili yanapopishana, bomba la tangi, na mpira wa maji wa kiyoyozi. Nimeona nyumba ya mjukuu wangu huko Mbezi duara kama la kwako linatoka kwenye kiyoyozi. Mpira umeziba kwa uchafu, maji yanarudi nyuma, na kila mtu anatazama bati.

Ukishaziba, usioshe. Jipsamu ni unga uliovalishwa karatasi, na karatasi ni chakula. Kawa ikishapita kwenye karatasi iko pande zote mbili. Mwambie fundi akate kipande hicho, avuke mpaka wa weusi kwa kama upana wa mkono, atie kipya. Kitanda kitoe kwanza, na kipande kilichokatwa kitoke kimefungwa ndani ya mfuko.

*

*Kati ya vigae vya bafu pamekuwa peusi. Nimetia jiki, siki na ile dawa ya choo pamoja ili nguvu iongezeke. Macho yamewasha sana. Je, niongeze maji?*
*Bila jina, Mombasa*

Fungua dirisha na utoke! Ndilo jibu langu lote, lakini mhariri anataka maneno zaidi.

Jiki ikikutana na siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa hewa ya klorini, hewa ya sumu. Ikikutana na amonia hutoa sumu nyingine. Nami niliwahi kuwa mjinga kama wewe. Hotelini, mwaka wangu wa pili, nilimwaga dawa ya choo juu ya jiki iliyokuwa bado sakafuni, mlango nimeufunga ili wageni wasinione. Nilitoka kwa magoti. Nilikohoa siku mbili, na tangu siku hiyo ninavyo vitambaa viwili vya rangi mbili, cha jiki na cha dawa nyingine, havikutani hata kwenye kamba.

Jiki peke yake inatosha kwa vigae, maana kigae hakinywi maji kama ukuta. Kikombe kimoja cha chai kwenye lita nne za maji. Paka, acha dakika kumi, sugua kwa mswaki mkuukuu, suuza. Changanya ya siku hiyohiyo tu, maana ikilala inakufa nguvu, na chupa iliyokaa juani dukani ni maji ya chumvi unayouziwa kwa bei ya jiki. Kama bafu lako ni la marumaru ya jiwe la kweli, siki isiguse kabisa. Baada ya kila kuoga, vuta maji kwa ufagio wa mpira. Dakika moja hiyo inashinda chupa kumi.

*

*Kibao changu cha mbuzi kimeota ukungu wa kijani, na kawa la kufunikia chakula pia. Nitupe?*
*Mama wa watoto watano, Pangani*

Hili nimempelekea bibi yenu, mimi jikoni ni mgeni. Kwanza alicheka: kawa limeingia kawa! Halafu akasema kibao kisitupwe. Sugua kwa chumvi ya mawe na nusu ya ndimu, mwagia maji yanayochemka, tia juani mpaka mti ulie. Usikihifadhi chini ya sinki. Mwiko uliopasuka tupa, ndani ya ufa hapafikiki. Kawa la ukili likiwa na vidoa vichache lisuguliwe kwa maji ya chumvi na kuanikwa. Likiwa limelegea na kunuka, suka jingine.

Akaongeza jambo ambalo ananiagiza niliandike kwa herufi nene, sikubali, lakini naliandika: chombo unaweza kukiokoa, chakula huwezi. Mahindi na karanga zilizoota kuvu zisioshwe, zisianikwe, zisipelekwe mashine. Mwaka 2004, Makueni na Kitui na wilaya jirani huko Kenya, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Ugali wao ulikuwa umeiva. Moto wa jikoni hauiondoi ile sumu.

*

*Assalaam alaykum. Msahafu wa marehemu babu ulikuwa kwenye rafu ya juu, karibu na dari. Kurasa zimegandana na zina madoa ya kahawia na unga mweupe. Naogopa kuugusa.*
*Mjukuu, Mtambwe, Pemba*

Waalaykum salaam. Kuogopa kwako ni adabu, na pia ni busara, maana karatasi iliyolowa inararuka kwa kuguswa tu.

Kama bado una unyevunyevu na huna nafasi ya kuushughulikia leo, ufunge kwenye kitambaa safi, kisha mfuko safi, uuweke kwenye friza peke yake. Baridi haiiui kawa lakini inailaza. Kama moyo wako hautulii kuuweka humo, muulize shekhe wenu. Mimi niliuliza wa kwetu, akaniambia kuuhifadhi ni bora kuliko kuuacha uoze.

Kukausha: usimamishe kivulini umefunguka kama kipepeo, pangaboi likizunguka pole pole mbali kidogo. Jua la moja kwa moja hapana, jua hukausha karatasi ikawa kama papadi na wino hupauka. Usizibandue kurasa kwa nguvu. Zinavyokauka nyingi huachana zenyewe, na katikati ya zinazosita pachika karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Ukishakauka kabisa, na nasema kabisa, toka nje na brashi laini ya rangi ya maji, piga unga ule kuelekea upande wa upepo, ukurasa mmoja mmoja. Madoa ya kahawia yaache. Usitie ndimu, usitie jiki, usitie chochote. Na rafu ile ya juu karibu na dari ndiyo yenye hewa mbovu kuliko zote. Ushushe usawa wa kifua, mbali na ukuta wa nje.

*

*Nguo za mtoto atakayezaliwa nimezihifadhi na vidonge vya nondo ili zisiingie kawa. Zinanuka sana. Nikizifua mara moja zitatosha?*
*Mama mtarajiwa, Bububu*

Mwanangu, vidonge vile ni vya wadudu. Usivitegemee kwa kawa.

Na kwa mtoto mchanga ni hatari. Pwani yetu si wachache wanaozaliwa na upungufu wa kitu cha damu kinachoitwa G6PD, na hawajulikani kwa kuwatazama. Nafthalini ya vidonge hivyo ikiingia mwilini mwa mtoto wa namna hiyo huvunja chembe nyekundu za damu. Vitoe vyote leo. Fua nguo mara mbili tatu kwa maji ya moto, anika juani siku kadhaa mpaka pua yako isisikie kitu, na harufu ikibaki usimvishe. Mtoto akigeuka manjano au mkojo ukawa mweusi, hiyo ni ya hospitali, usiniandikie mimi.

*

*Godoro letu la sufi limelowa, bati lilivuja mvua za Aprili. Tumelianika siku moja likakauka juu. Mtoto wetu ana pumu na sasa usiku anakohoa sana.*
*Baba, Chake Chake*

Kaka, sufi inabeba maji ndani kama sifongo na juu inakudanganya. Ingelikuwa limelowa jana, ningesema lipasue mshono, itoe sufi yote, itandaze juu ya mkeka jua mbili tatu, ifue foronya yake, uijaze upya. Tulifanya hivyo kila mwaka utotoni, na sisi watoto tukaishia na ndevu nyeupe.

Lakini barua yako inasema mvua zile za Aprili. Limeshaoza. Mtoe mtoto chumbani humo leo, na godoro lichomwe au lizikwe mbali, usimpe jirani. Najua bei ya godoro. Najua pia bei ya usiku mmoja wa pumu, maana dada yangu alikuwa nayo.

*

*Mwaka jana uliandika kwamba mkaa kabatini unatosha. Nimeweka mkaa, nimefukiza udi kila Alhamisi, na suti yangu imeota nywele. Umetudanganya.*
*Msomaji aliyekasirika, Kariakoo*

Nimetafuta gazeti lile la mwaka jana nikakuta kweli niliandika hivyo. Nilikosea, au nilisema nusu. Mkaa unanyonya harufu vizuri na unyevu kidogo, na ukishajaa ni mawe tu. Lazima uuanike juani kila wiki, na kwa kabati la watu wawili vipande vitatu ni mzaha. Udi ni mapenzi yangu, siutukani, ila unaifunika harufu, kawa inaendelea kula suti huku inanukia vizuri.

Nikulipe kwa kitu bora zaidi. Weka kijiko cha chumvi laini kwenye kisosi ndani ya kabati. Chumvi huanza kuyeyuka yenyewe hewa ikifika unyevu wa takribani asilimia 75. Ukikuta imelowa asubuhi, kabati liko hatarini, na mkaa hautakufaa. Fungua milango yote, elekeza feni ndani, saa nzima. Lakini usifungue wakati mvua inanyesha nje, maana unaukaribisha unyevu. Subiri kusi ikaushe hewa, kati ya saa nne na saa tisa mchana. Kabati lenye mgongo wa mbao iliyoziba, toboa matundu sita chini na sita juu. Wazee wetu waliacha balbu ya moto ikiwaka chini ya kabati, na ilifaa; balbu za siku hizi hazina joto, na zile za zamani zimeshaunguza nguo za watu. Usijaribu.

Suti ikung'ute nje, ifute kwa kitambaa chenye maji na spiriti nusu kwa nusu, baada ya kujaribu ndani ya pindo. Ikishindikana, ilete. Pasi ni juu yangu.

*

*Makubadhi yangu yamekuwa ya kijani.*
*Lamu*

Brashi kavu nje ya nyumba, kisha spiriti na maji nusu kwa nusu, kivuli siku mbili, halafu mafuta ya ngozi. Usiyaanike juani, yatajikunja kama samaki wa kukaangwa.

*

*Mwavuli wangu unanuka kila nikiufungua. Nitie nini?*
*Mwanafunzi, Kikwajuni*

Usiufunge.